Dole Gumba Lako, Kaka Deo

Mpendwa kaka Deo,

Shikamoo. Barua hii anakusomea katekista, kwa sababu baba mkubwa hawezi kumfungia yeye mlango. Nimemwomba aisome kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, polepole, na ukicheka asubiri kwanza umalize.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa kando ya barabara pale Keza, wakimbizi wakipita na mikeka kichwani? Kila uliyemwona na kadi ya chakula ulitaka kuishika. Ulinifuata hadi kambini nilikokuwa napima maharage, ukapanga foleni na watu, ukafika mbele ukaonyesha kiganja kitupu. "Na mimi niandikwe," ulisema. Watu walicheka. Mimi nilikuvuta mkono kwa hasira. Nisamehe.

Ndiyo maana siku ile ilikuwa rahisi kukushika kidole. Mpeleka wito wa mahakama alikuja na karatasi yenye mhuri, akasema, "Huyu mwenyewe lazima aelezwe, kwa lugha anayoielewa. Akishaelewa ndiyo atie dole gumba." Baba mkubwa alikuwa ameomba mahakama imfanye mlezi wako, akuangalie wewe na lile shamba la migomba uliloachiwa na baba. Kama hutaki, ulikuwa na siku yako ya kusikilizwa. Nikamwambia, "Niachie, nitamweleza." Nilikuwa nachelewa kazini, tena niliogopa utalia. Sikukueleza chochote. Nilikupaka wino, nikakibonyeza kidole chako, nikaandika jina langu kama shahidi.

Ulizunguka uwanja mzima umeinua kidole. "Nimeandikwa! Skola, nimeandikwa!"

Nami nikaenda kazini.

Siku ya kesi hukuwepo, mahakama ikasema umepewa taarifa na huna pingamizi. Wiki hiyohiyo baba mkubwa akakupeleka kwake Biharamulo. Ulipanda basi ukicheka, ukidhani mnakwenda kuchukua maharage. Migomba imekatwa, panajengwa ghala. Nilipokuja kukuona alinizuia mlangoni: "Mlezi ni mimi."

Nikaenda kwa karani wa mahakama, akaitoa ile karatasi.

"Dole hili si lake?"

"Lake."

"Na shahidi si wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa unapinga nini, mama?"

Nikisema uliambiwa, basi utabaki huko. Nikisema hukuambiwa, mimi ndiye niliyeidanganya mahakama, na wanaweza kunifunga. Nimezunguka na jambo hili wiki nyingi, kaka. Kila mlango ninaougusa nimeufunga mwenyewe kwa kidole chako.

Watu husema hujui kitu. Waongo hao. Siku ya kipaimara ulikataa shati kwa sababu kola ilikuwasha. Mama alibembeleza, padri akaamuru, mwisho ukapewa kipaimara kifua wazi. Hapana yako mimi naijua.

Sasa sikiliza. Ile karatasi haikuwa ya maharage. Ilikuuliza kama unakubali baba mkubwa aamue utakaa wapi, na nani, na shamba lako lifanywe nini. Unaruhusiwa kukataa. Jumatatu naenda kwa hakimu kusema nilidanganya, liwalo na liwe, na jibu lako nataka niwe nalo mkononi.

Katekista akifika hapa ataweka barua chini na kukuuliza: Deo, unataka? Hatakusaidia kujibu. Atasubiri.

Mdogo wako aliyekushika kidole,
Skola