Magadi Tangini

Jumatatu, 9 Juni

Tangi limeshika! Vijidudu vyangu vinazaana kwenye maji ya moto yenye tindikali, maji ya kukuchuna ngozi, na ndiyo kwanza vinanenepa. Viumbe vyenye adabu. Havitaki kusifiwa. Hospitali wanasubiri protini tutakayokamua humo, isiyoharibika kwa joto, wajaribu kuichanganya na dawa za watoto wa huko kusiko na friji.

Shemeji kapita, kaziba pua, kauliza "mboga" zitaiva lini. Mboga. Kaka wa mume wangu, ndiye meneja wetu hapa maabara, na sijaona alichosomea zaidi ya kufunga tai.

Jumatano, 11 Juni

Kaleta wageni na mpiga picha. Mimi kanituma stoo nikahesabu glavu — yaani nimepishwa. Niliporudi chumba hakinuki tena. Chumba kile lazima kinuke.

Mama wa usafi kaniambia alichokiona: meneja kamwaga magadi tangini, ndoo nzima, kukata ukali. Wageni walikuwa wanakohoa.

Kukata ukali! Ukali huo ndio uhai wao. Bila tindikali vinapasuka. Nimechungulia kwenye hadubini: makapi matupu. Kazi yote ile, uji.

Kwenye picha anatabasamu, mkono juu ya tangi, utadhani kalizaa yeye.

Alhamisi, 12 Juni

Mume wangu anasema nivumilie, kaka ana nia njema. Nikamtazama anavyotafuna mkate. Sura ileile, imepungukiwa tai tu.

Nimekamua ule uji nione kama kuna kilichosalia. Nimepata chupa moja ya protini chafu, iliyokatikakatika, si ya kumpa hata panya. Nimeiweka kwenye barafu, niichunguze.

Kilichobaki hai ni mbegu kidogo ya vijidudu kwenye kabati la joto. Shemeji kaigundua. Anataka tuikamue yote kesho, daktari wa hospitali akija asiondoke mikono mitupu. Nikamwambia tukiikamua hiyo hatuna cha kupanda tena. Akasema tutaagiza nyingine. Kama soda.

Ijumaa, 13 Juni

Daktari kaja asubuhi. Mama mtulivu, haongei sana, kanishukuru kabla sijampa kitu. Shemeji anacheka naye huku anarudi kinyumenyume kuelekea kabati. Kashika mpini. Kafungua. Joto likanipiga usoni.

Sikufikiri. Nikachukua ile chupa ya kwenye barafu nikampa daktari.

Akaiinua kwenye mwanga. Akaniuliza mimi, si meneja.

"Ni safi?"

"Safi, daktari."

Hivyo tu. Mdomo wangu, sauti yangu, wala haikutetemeka. Shemeji kafunga kabati polepole. Daktari alipotoka, Shemeji kanipigapiga begani, kasema sasa nimekuwa mtu wa familia. Nimeliosha bega lile kwa sabuni. Upuuzi, bega lina kosa gani?

Mbegu iko hai. Nimeitazama mara mbili.

Mchana. Nakula peke yangu maabara. Simu inaita — daktari. Shemeji kaona jina kupitia kioo, ananipungia mkono nisipokee. Imekatika.

Inaita tena. Shemeji anafungua mlango. Napokea.