Nyuzi Zilizopotea Maabara

Jumatatu, 2 Februari

Nimetoka nyumbani Kwamndolwa kwa miguu na kufika shuleni kabla ya kengele ya mchana. Darasa lilijaa. Marudio ya kidato cha tano: joto la mmenyuko. Nilistaafu zamani, lakini mkuu wa shule ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniomba nisaidie kwa kuwa walimu wa sayansi hawatoshi. Sikuona sababu ya kukataa.

Nimeanzia chini kabisa, maana msingi haupo. Joto si halijoto. Wao wanayachanganya. Nimewapa kikombe cha chai ya moto na pipa la maji yaliyokaa juani. Chai ina halijoto ya juu zaidi. Pipa lina joto jingi zaidi, kwa sababu maji yake ni mengi. Nusu ya darasa wamebisha. Afadhali wanaobisha kuliko wanaonakili.

Kisha hesabu. Tungamo, mara 4.18, mara badiliko la halijoto. Jibu ni jouli. Kuna aliyeongeza 273 kwenye badiliko, eti apate kelvini. Maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 31, yamepanda sita. Kwa kelvini pia ni sita. Nimelirudia mpaka koo limekauka.

Wananiita bibi. Nimewaambia nje ya lango mimi ni bibi. Ndani ni mwalimu.

Jumanne, 3 Februari

Nimekasirika na bado nimekasirika.

Nimepitia majaribio ya wiki iliyopita, waliyofanya chini ya Mwalimu Zuberi. Asidi na alkali, mililita hamsini kwa hamsini, katika vikombe vya plastiki vilivyozungushiwa katani ili joto lisitoroke. Darasa zima wamepata kilojouli 57 kwa moli. Wote. Katani ya Mnyuzi haizuii joto kiasi hicho. Hakuna kikombe duniani kinachozuia joto kiasi hicho. Hamsini na saba ni jibu la kitabuni.

Mmoja tu ametofautiana: Nasieku, binti wa wafugaji wa Mazingara. Ameandika 37.6, na alama ya hasi ameiweka mahali pake, kwa kuwa joto limetolewa. Mwalimu Zuberi amempiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, na kuandika kwamba ahamie mchepuo wa sanaa.

Mwenye jibu la kubuni amepewa tiki. Aliyeandika alichokiona amepewa mkasi. Sijui hii inaitwa elimu ya nini.

Jumatano, 4 Februari

Nimemwuliza Zuberi. Ameniamkia vizuri, akanipa kiti, kisha akasema bila haya kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kuanza na 57 na kurudi nyuma hadi kwenye nyuzi.

"Mama, mtahini anasahihisha karatasi. Hasahihishi kikombe."

Kijana huyu anafundisha kemia na fizikia vidato vyote, peke yake. Amekonda. Namhurumia. Haki yake ya kuchoka naikubali. Haki ya kufundisha uongo siikubali.

Ijumaa, 6 Februari

Ofisini kwa mkuu wa shule. Kumbe uamuzi umekwishapita: Nasieku atahamishwa, na baba yake ameitwa afike Alhamisi. Nimeambiwa majibu yake ya maabara ni mabovu tangu muhula uliopita, na kwamba sayansi si ya kila mtu. Nimeambiwa pia kwamba watoto wa wafugaji huchelewa kuzoea. Hilo nimelikatalia papo hapo, tena kwa sauti ambayo sijaitumia kwa mkuu huyu tangu alipokuwa amevaa sketi ya shule.

Amekubali jambo moja. Alhamisi binti arudie jaribio mbele yetu. Jibu likiwa la maana, atabaki. Lisipokuwa la maana, ataondoka.

Jumamosi, 7 Februari

Nimemwita Nasieku maabara. Mrefu, mkimya. Nimemwuliza kwa nini anataka kemia. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Ukame uliopita waliuza ng'ombe wagonjwa kwa bei ya ngozi, na hakuna aliyewaambia wanaumwa nini. Kwenye sanaa hakuna njia ya kufika huko.

Hesabu yake haina kasoro. Gramu 100 mara 4.18 mara nyuzi 4.5 ni jouli 1,881. Gawanya kwa moli 0.05, unapata kilojouli 37.6. Sawasawa kabisa. Basi tatizo ni zile nyuzi. Zimepotea wapi?

Nimefanya jaribio mwenyewe. Nyuzi 6.2, yaani kilojouli 52 kasoro kidogo. Hilo ndilo jibu halali la vikombe vyetu. Amefanya yeye, kikombe kilekile, asidi ileile: 4.6. Nimekagua karatasi yake mstari kwa mstari. Sikuona kitu. Nimerudi nyumbani nimeudhika.

Jumanne, 10 Februari

Leo sikutazama karatasi. Nimekaa nyuma yake nikatazama mikono.

Kabla ya kuanza alikikung'uta kipimajoto, mara mbili tatu, kwa kifundo cha mkono. Nikashangaa. Akachanganya, akakitumbukiza, akasubiri kwa subira nzuri. Kisha akakitoa. Akakifuta kwa kitambaa, akageuka dirishani kwenye mwanga, ndipo akasoma.

Nimemwuliza nani alimfundisha hivyo. Baba yake. Kwao wana kipimajoto cha kioo cha kupimia ng'ombe. Unakiingiza nyuma ya mnyama, unasubiri, unakitoa, unakifuta, unasoma. Kile hubaki palepale kilipofika mpaka ukikung'ute. Hiki cha maabara huanza kushuka mara tu kinapoacha maji. Kipimo cha mwanzo hakikuumia, kwa kuwa maji yalikuwa sawa na hewa ya chumbani. Cha mwisho ndicho kilichoanguka kila mara.

Binti huyu amefanya kwa uangalifu mkubwa kitu kisichofaa mahali hapa, muhula mzima, na hakuna mwalimu aliyesimama kando yake dakika moja. Hata mimi Jumamosi nilikuwa nimeinamia tarakimu. Tena kosa lake limeonekana kwa sababu hakudanganya. Makosa ya wenzake yako wapi? Yamefunikwa na 57.

Nimemwonyesha: kisome kikiwa ndani, jicho sawa na alama. Amecheka, mara ya kwanza. Amesema ng'ombe hangekubali.

Alhamisi, 12 Februari

Tulikuwa mkuu wa shule, Zuberi, mimi, na baba yake aliyeketi mlangoni na fimbo magotini. Nasieku akachanganya, akasubiri. Kipimajoto hakikutoka kikombeni. Nyuzi 6.1. Kilojouli 51, hasi.

Zuberi akamwuliza kwa nini si 57.

"Kikombe nacho kimepata moto, mwalimu, na hewa imechukua sehemu yake. Mimi nimeandika nilichosoma."

Mkuu wa shule akasema anabaki. Nami nikasema, kwa kuwa sikuwa nimemaliza, kwamba wengine wote warudie jaribio lao. Zuberi akasema atalisimamia mwenyewe, meza kwa meza. Nimemshukuru. Nilimaanisha.

Baba alitaka kujua kosa lilikuwa nini. Binti akamweleza kwa Kimasai, akampa kipimajoto cha shule akishike. Mzee akakigeuzageuza.

"Hiki kinasahau upesi," akasema.

Jumamosi, 14 Februari

Asubuhi nyumbani. Zuberi ameniletea karatasi za marudio nimsaidie kusahihisha. Hakukaa, alikuwa na vipindi vya ziada vya fizikia.

Arobaini na tisa. Hamsini na tatu. Mmoja arobaini na nne, na chini ameandika kwamba alisahau kufunika kikombe. Mwingine bado ameongeza 273, tutaonana Jumatatu. Hakuna hata 57 moja.

Nasieku, hamsini na moja na nusu. Nimeweka tiki, ndogo, kama ya kila mtu.

Chai yangu imepoa wakati nasoma. Nimeinywa hivyohivyo.