Namba ya Mgongo wa Mzee Ogari

Nyaramba, 9 Machi 1954

Kwa mjukuu wangu Okemwa, karani wa mafaili,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko hospitali Kisii? Sisi hapa hatujambo. Mama yako Bonareri mzima, bibi yako Bitutu mzima, ng'ombe amezaa. Mimi ni mzima kabisa, ila mgongo.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama yako ndiye anayepeleka barua posta. Injili ya Kikisii anaisoma yote. Kiswahili hapati kitu. Mimi nilikipata kwenye vita vya Mjerumani, nikibeba sanduku la risasi mpaka Mwanza, na wenye mwili kuliko mimi wakilala njiani.

Sasa sikia. Jumanne iliyopita nilikuja hapo, wewe ulikuwa likizo. Nimerudi na dawa ya kuchua na kadi imeandikwa 726. Kwenye foleni niliangalia kadi za wengine. Mama wa kuni, 726. Kijana mvivu wa Nyamache, 726. Na mimi Ogari, 726! Nilimwambia daktari wazi kwamba naliinua gunia la wimbi peke yangu. Nitafutie ugonjwa mkubwa, unaolingana na mtu kama mimi.

Kitu kimoja, cha wewe na mimi tu. Mguu wa kushoto umelala tangu Krismasi na haujaamka. Na mkojo unakuja bila hodi. Hayo sikuyasema. Mkalimani alikuwa Joash, aliyetahiriwa mwaka mmoja na baba yako. Kwa hiyo ni mtoto wangu. Miiko ya chinsoni unaijua: mtoto hasikii habari za mwili wa baba yake. Wewe mjukuu ni mtu wa utani, ndiyo nakuambia.

Ni mimi babu yako,
Ogari


Kisii, 15 Machi 1954

Kwa Babu,

Shikamoo. Barua nimepata, na nimefurahi kusikia nyumbani ni wazima. Mimi mzima, kazi nyingi.

Babu, namba haipimi ukubwa wa mtu. Kila ugonjwa una yake kwenye kitabu chetu. 726 ni misuli inayouma. Iko nyingine, 735. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini kama mto mdogo. Kikichakaa hutoka mahali pake, kikaukandamiza mshipa unaokwenda mguuni.

Nimesoma faili yako. Imeandikwa: "Mzee mwenye nguvu. Anainua gunia. Anasema miguu haina neno. Amekataa kuvua suruali." Ulivyosema ndivyo Joash alivyotafsiri, na daktari akaandika hivyo hivyo. Namba ikatoka hapo.

Alhamisi tarehe 29 Aprili anakuja daktari wa upasuaji kutoka Nairobi. Hawezi kuona watu wote. Anataka mezani faili za 735 tu, na humo anachagua wa kwenda kupasuliwa Nairobi. Akiondoka, ni mpaka mwaka ujao. Daktari wetu anasema mguu uliolala hivyo ukikaa mwaka hauamki tena.

Rudi useme. Nitatafsiri mimi mwenyewe, Joash hatakuwepo.

Mjukuu wako,
Okemwa


Nyaramba, 24 Machi 1954

Kwa Okemwa,

Salamu. Habari za siku? Hapa mvua imeanza vizuri.

Siji. Foleni yenu imejaa watu wa hapa Nyaramba. Nimewaamulia kesi za mipaka miaka ishirini. Leo wanione nashikwa kiunoni kama mtoto anayefundishwa kutembea? Na unijue vizuri: juzi nimeliinua jiwe la kusagia la bibi yako mbele ya wazee watatu.

Lakini mguu nautaka. Basi wewe una kalamu na una kitabu. Futa 26, andika 35. Hiyo ni kazi gani kwa mtu aliyesoma? Nilikubeba kwa mgongo huu huu mpaka shule ya misheni, mto ukiwa umejaa. Au umesahau?

Babu yako,
Ogari


Kisii, 30 Machi 1954

Kwa Babu,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sijasahau. Lakini sifuti. Yule daktari anapasua akifuata karatasi. Akikuta namba inasema mguu umelala na maneno yanasema mzee anabeba magunia, atairudisha faili sandukuni, na mimi nitafukuzwa.

Nimezungumza na daktari wetu. Amekubali hivi: uandike mwenyewe jinsi mwili ulivyo, nitafsiri kwa Kiingereza, aweke ndani ya faili. Akiona inatosha, atabadilisha yeye. Kupimwa ni baadaye, nyuma ya pazia, mimi na wewe na madaktari.

Ila uandike bila Mwanza, Babu. Bila gunia. Andika mguu tu.

Mjukuu wako,
Okemwa


Kisii, 19 Aprili 1954

Kwa Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Zimebaki siku kumi. Nimemuuliza mama, anasema unakaa nyumbani na unamgombeza kila mtu.

Okemwa


Nyaramba, 23 Aprili 1954

Kwa Okemwa,

Salamu. Hii nimempa dereva wa lori akupe mkononi.

Mguu wa kushoto. Mwiba ukiingia sijui mpaka nione damu. Kidole kikubwa hakiinuki. Kiatu kinatoka, natembea mbele nakiacha nyuma.

Siwezi kuinama. Kuvaa soksi navalishwa na bibi yako.

Kukaa ni kidogo, kusimama ni kidogo. Nalala ubavu mmoja.

Mkojo tangu Februari. Si kila siku. Siku tatu kwa wiki.

Gunia sijainua tangu mwaka juzi. Jiwe la kusagia aliinua Bitutu. Mimi niliweka mikono juu yake. Wazee hawakuwepo.

Kukubeba mtoni nilikubeba. Hiyo ni kweli, lakini usimwandikie daktari.

Ogari


Kisii, 26 Aprili 1954

Kwa Babu,

Shikamoo. Nimetafsiri kila neno, nimeacha la mto. Daktari alisoma mara mbili, akaomba faili, akakata 726 kwa wino mwekundu. Nimeandika 735 kwa mkono wangu, yeye akatia sahihi.

Uko wa nne mezani. Lori litapita kwako Jumatano asubuhi. Vaa suruali inayovulika haraka.

Mjukuu wako,
Okemwa


Nyaramba, 30 Septemba 1954

Kwa mjukuu wangu Okemwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Hapa hatujambo, wimbi limeingia ghalani.

Tangu nirudi kutoka kupasuliwa Nairobi wageni hawaishi. Nawaonyesha kadi. Nimewaambia 735 haipewi mtu yeyote hivi hivi. Wamekubali.

Uliniomba habari za kuweka kwenye faili. Mguu unasikia mwiba mpaka chini ya goti. Unyayo bado umelala. Daktari wa Nairobi alisema labda utabaki hivyo, sababu nilichelewa. Mkojo unabisha hodi sasa.

Leo nimebeba ndoo kutoka mlangoni mpaka kwenye mgomba wa kwanza, bila fimbo. Jirani Thadeus alikuwa anaangalia.

Ndoo ilikuwa tupu. Andika hivyo.

Babu yako,
Ogari