Vidonge Ulivyomtumia Mama

Kibuyuni, Kwale
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Mbarak,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Doha? Kile kikohozi cha kiyoyozi kimekuacha? Sisi wazima, alhamdulillahi, na Mama pia. Ila soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu kwa kiherehere chako.

Mwezi uliopita Mama alikuwa akifunga mwani kwenye kamba, akakanyaga taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani. Tukamtia mguu kwenye maji ya moto kama ilivyo ada yetu, na maumivu yakatulia. Sumu ya taa haistahimili moto.

Baadaye kidonda kikavimba, kikatoa usaha. Mama akafungua mkebe wa vidonge vyako vya kuua bakteria. Unawajua wanawake wa mwani: aliyejikata humeza viwili, akipata nafuu huacha, vinavyobaki humpa mwenzake. Vidonge vyako vimezunguka kijiji kizima. Safari hii havikufanya kitu. Kidole kikawa cheusi, na daktari wa hospitali ya Msambweni akasema huenda mguu ukakatwa. Mbarak, nililia mbele za watu.

Yusra, binti wa Mjomba Chome, yuko maabara pale. Alinionyesha kisahani chenye bakteria wa Mama, na tone la dawa ileile katikati. Walikuwa wameizunguka hadi kuigusa, hawana habari. Akanieleza kuwa kila dozi tuliyoikatisha iliua walio dhaifu, ikawaacha wenye kimeng'enya cha kuivunja dawa kabla haijawadhuru. Hao ndio waliozaana.

Mama alipoelezwa akadakia, "Basi si tuwachome kwa maji ya moto, kama sumu ya taa?"

Yusra akacheka. "Shangazi, joto la kuvunja vimeng'enya vyao litakupika wewe kwanza. Joto la mwili wako ndilo wanalolipenda."

Mama akachomwa sindano zenye dawa mbili pamoja: moja ya kukifunga kile kimeng'enya, nyingine ya kuua. Amemaliza dozi yote, ijapokuwa alinung'unika. Kidole kidogo kimekatwa. Mguu umesalia.

Nawaza sana siku hizi. Wewe ulituma kwa mapenzi, nasi tukagawana kwa mapenzi. Laiti mmoja wetu angekuwa mchoyo! Tafadhali usitume tena vidonge. Mtu akiumwa tutampeleka hospitali. Ukitaka kumtumia Mama kitu, mtumie viatu vya mpira vya kuingilia baharini, maana ameshasema atarudi kwenye mwani.

Mjomba Chome anakusalimu, na Yusra, na Mwanaima jirani, ambaye naye alikula vidonge vyako. Mama anakuombea dua kila swala. Anasema namba ya kiatu ni ileile, ila cha kushoto kitampwaya kidogo.

Mola akuhifadhi na akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye daima,
Twaiba