Maharagwe, Kibuyu na Daraja Linaloyumba

Alhamisi. Ukungu tangu asubuhi, na Mlima haujaonekana hata kidogo.

Haijatimia miezi mitatu tangu niolewe na Kariuki, na bado nikiandika "mume wangu" naona haya kwa furaha. Leo naandika huku nikilia.

Kariuki ndiye fundi wa daraja jipya la nyaya hapa Tetu, la kuvukia kwa miguu. Watu wakipita pamoja linayumba kama mlevi. Jumamosi mkubwa wake anakuja. Likiwa bado linayumba litabomolewa, naye atahamishiwa kaskazini, mahali ambapo mafundi hawaruhusiwi kwenda na wake zao.

Hesabu za nyaya zile zimewashinda wote, maana ukikaza mmoja nyingine zinabadilika. Basi yeye anabahatisha, lakini kwa utaratibu. Kila waya una harage la rangi yake. Anaokota moja bila kutazama, anaukaza waya huo kidogo, kisha watu wanapita. Daraja likitulia, anauacha hivyo. Likizidi kuyumba, anaurudisha na kuokota tena. Jinsi alivyonieleza, macho yaking'aa! Na kweli lilikuwa limeanza kutulia.

Chombo cha maharagwe nilimpa mimi. Kibuyu kizuri alichonipa mama siku ya harusi.

Kibuyu!

Kwetu, anayetikisa kibuyu na kutoa mbegu ni mganga. Jana akina mama wa kanisa walimwona Kariuki akikitikisa, wakasimama na vikapu vyao vya majani chai mgongoni.

"Ati siku hizi serikali inapiga ramli?" mmoja akacheka.

"Mimi nimeokoka. Hiyo daraja sipiti," akasema mwingine.

Huyo mwingine ni mama yangu.

Wote wakateremka mtoni, wakavuka kwa kukanyaga mawe kama kabla ya Uhuru.

Leo hakupita mtu. Nikapita mimi, na viatu vyangu vya harusi, nikaenda na kurudi hadi miguu ikauma. Kariuki akatabasamu kwa huzuni. "Mpenzi, wewe ni mwepesi mno. Daraja halikusikii." Kisha akageuka, nisimwone uso.

Kibuyu nimekirudisha jikoni, nikampa mkebe wa majani ya chai. Lakini mkebe hauwezi kuwarudisha watu.

Kesho mapema nitakwenda kwa mama, kabla hajabeba kikapu. Nitamshika mkono mbele ya wenzake. Akikanyaga daraja yeye, watafuata.

Mama, ulinipa kibuyu. Nipe na miguu yako.