Upanga Niliouacha Chini ya Mkwaju

Jumatatu, 4 Novemba

Kuku wamefunguliwa. Uji umenywewa. Goti bado limevimba kama boga. Mvua hakuna, shamba halijaguswa, nimekaa hapa Nsemulwa, Mpanda, kama mgonjwa na mimi si mgonjwa.

Editha yuko kwenye tivii tangu asubuhi. Mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Jumamosi ya wiki ijayo anapanda treni kwenda Tabora, chuo cha uuguzi. Badala ya kupanga mizigo anacheza gemu. Wiki iliyopita nilikaa kwenye kochi ili nimseme vizuri. Nikaangalia. Sikusimama tena.

Ni nchi nzima ile. Milima, mito, misitu, magofu, majoka yanapita juu. Binti mmoja mwenye nywele nyekundu na farasi wake. Unaenda unakotaka. Hakuna anayekuambia pita huku. Ukiona kilima kule mbali, unasema twende, unaenda, unakifikia. Hilo ndilo limenishika. Maisha yangu yote nimetembea kwa sababu. Maji, kuni, mnada, msiba. Sijawahi kwenda mahali kwa kuwa tu nimepaona.

Leo Editha kanipa kile kidude cha mkononi, wanaita pedi. "Haya mke mwenza, endesha farasi." Mke mwenza ndiyo utani wetu, bibi na mjukuu wa kike, eti tunagombea babu, na babu mwenyewe yuko makaburini. Nimeendesha. Nimemgonga farasi kwenye mti. Editha kacheka mpaka kalala chini.

Ataona.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekufa sana leo. Nimeanguka mwambani, nimezama mtoni, nimeliwa na mbwa mwitu. Ukifa unaamka pale ulipolala mara ya mwisho. Editha anasema ukilala ndani ya gemu ndiyo unasevu, mashine inakumbuka ulipofika na ulicho nacho. Usipolala haikumbuki kitu. Nimeelewa mara moja, mimi si wa kuambiwa mara mbili.

Makosa ya nchi ile nimeyaona. Hakuna anayelima. Watu wamesimama mbele ya nyumba mchana kutwa wanarudia neno lile lile. Wanakula nini? Na yule binti anaingia nyumba za watu bila hodi, anafungua vyungu, anabeba. Nikamwambia Editha huo ni wizi. Akasema, "Bibi, ndivyo mchezo ulivyo. Hawasemi kitu."

Hawasemi kitu! Mwenye nyumba kanyamaza ndiyo ubebe?

Nikishika pedi mimi, binti anasimama mlangoni kwanza. Napiga hodi kwa sauti. Ndiyo anaingia, na hatoki na chungu cha mtu. Uyoga pia siokoti. Uyoga wa nchi usiyoijua unauacha ulipo.

Alhamisi, 7 Novemba

Editha kapata upanga. Ameutafuta tangu Pasaka. Juu kabisa ya mlima wa theluji kuna mawe ya radi. Unachukua jiwe, unampelekea mhunzi, mwanamke mzee mwenye mkono mmoja, anakutengenezea upanga. Unawaka rangi ya bluu. Maneno ya pale chini ni Kiingereza na mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo Editha kanisomea. Mhunzi anasema ukiupoteza mpelekee jiwe jingine, atatengeneza tena. Editha kacheka. "Nani apoteze kitu kama hiki?"

Kuna jitu linakaa ng'ambo ya ziwa. Ndilo pekee lililobaki, na bila upanga ule halikatiki. Anataka alimalize kabla hajasafiri, maana mashine inabaki hapa. Kasema tutalipiga Jumapili baada ya Misa, sisi wawili.

Nimefurahi. Sikumwonyesha.

Ijumaa, 8 Novemba

Editha kaenda mjini kutafuta godoro na ndoo za chuo. Nimebaki na nchi yote peke yangu.

Nikapanda farasi, nikafuata mto mpaka ziwani. Na pale, mkwaju. Nasema mkwaju, mtu asinibishie, nimekula ukwaju tangu nina meno. Mkubwa, umesimama peke yake kando ya maji, vimwanga vidogo vinaelea kwenye matawi. Nikasimamisha farasi.

Sisi watu wa Mpimbwe, ukipita kule porini Katavi kuna ziwa na kuna mkwaju. Baba hakupita pale mikono mitupu. Aliweka unga kidogo, au tumbaku, kwa ajili ya mwenye ziwa, mzimu wa pale, ndiyo safari ikaendelea. Mpaka leo watu wanaweka. Mimi ni Mkatoliki, rozari iko shingoni, Padre akiuliza nitamjibu. Lakini sipiti mahali kama pale kama ng'ombe aliyekata kamba.

Nikaweka mkate. Nikaona aibu. Mkate wenyewe Editha aliutoa kwenye chungu cha mtu. Unampaje mwenye ziwa kitu cha wizi? Nikafungua mfuko wa binti, nikatafuta kizuri. Kizuri kilikuwa kimoja. Nikauweka upanga pale chini, umenyooka, unawaka. Mahali pakapendeza.

Halafu nikaenda kulala kwenye kibanda cha wavuvi, nikasevu kama nilivyofundishwa. Kazi safi.

Jumamosi, 9 Novemba

Haikuwa safi.

Editha kawasha. "Bibi, upanga uko wapi?"

"Nimeutoa."

"Umeutoa kwa nani?"

"Kwa mwenye ziwa. Uko chini ya mkwaju, nenda kauone."

Akakimbiza farasi. Chini ya mkwaju hakuna kitu. Kumbe kitu ukikiweka chini ukaenda kulala, mashine inakifuta. Na kwa kuwa nimesevu, hakirudi.

Sijamwona akilia tangu tumzike mama yake. Kasema, "Tangu Pasaka, Bibi." Basi. Nikamwambia ni mchezo tu, acha upuuzi, mtu mzima unaenda kutunza wagonjwa unalilia upanga wa tivii. Akazima mashine. Akaingia chumbani.

Mchezo tu. Na mimi mwenyewe nilisimamisha farasi kwa ajili ya mti wa tivii.

Jumapili, 10 Novemba

Misa. Editha kakaa benchi la nyuma. Jitu hatukulipiga, hakuna aliyelitaja.

Ananiita Bibi. Bibi chakula tayari. Bibi maji ya kuoga. Mke mwenza hakuna. Adabu tupu, kama kwa mgeni. Bora angenitukana.

Shida ni hii, naiandika wazi. Kwetu mtu akisafiri mbali, mkubwa wake anachukua maji mdomoni, anampulizia kifuani, anamwambia nenda. Mama alinifanyia. Nilimfanyia binti yangu. Lakini hufanyi kama kuna kinyongo katikati. Yanakuwa maji tu, unamlowesha mtu bure. Editha anaondoka Jumamosi. Nisipotengeneza jambo hili ataondoka mkavu.

Kuomba msamaha siwezi. Mdomo wangu haukufundishwa, na sasa umezeeka.

Kupanda mlima naweza.

Jumatatu, 11 Novemba

Editha kaenda kupimwa afya kwa ajili ya chuo. Nimewasha mwenyewe. Nimetafuta mlima wa theluji. Hausumbui kuutafuta, unaonekana kila mahali, mweupe, unakudharau.

Binti ana nguvu zake, kaduara ka kijani. Akipanda kanapungua. Kakiisha anaachia mikono, anaanguka. Kwa hiyo unatafuta kijiwe cha kukanyaga, unapumzika, unaendelea. Nimeanguka asubuhi yote.

Mama Shija, jirani yangu Msukuma, kaja kuazima chekeche. Kasimama mlangoni. "Ee bibi, umerudi utoto?"

"Napanda mlima. Kaa kimya au toka."

Kakaa. Baada ya muda akaanza kupiga kelele yeye. "Kushoto! Kushoto kuna jiwe, huoni?" Nimeanguka kwa sababu yake. Kaondoka bila chekeche.

Jumatano, 13 Novemba

Jana kufa. Leo kufa. Si kuanguka tena, kuanguka nimekushinda. Sasa ni baridi. Nikifika kwenye theluji binti anatetemeka, anapiga magoti, amekwisha. Nimewasha moto, upepo unauzima. Nimemkimbiza, anakufa mbele kidogo. Nchi nzuri vile na juu yake kuna mahali pa kipumbavu namna hii.

Dole gumba linauma kuliko goti. Sijali. Nina hasira na mlima na mlima unajua.

Mchana Editha kapita na nguo za kufua. Kasimama nyuma yangu. Sikugeuka. Nikajua sasa amejua ninachotafuta.

Kasema, "Mvalishe koti la manyoya. Liko mfukoni kwake."

Akaenda zake. Nimemvalisha. Binti hafi tena. Mke mwenza hakusema, lakini hayo aliyosema nimeyachukua.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefika juu.

Nimefika mimi, na mikono hii. Mawe ya radi yako pale yanatoa cheche. Nimechukua moja. Halafu sikushuka. Nikageuza macho ya binti nikaangalia nchi. Yote iko chini. Mto nilipozama, kamstari. Kijiji cha watu wasiolima. Ziwa, na kando yake kidoti cha mkwaju. Mawingu yako chini yangu, joka linapita chini yangu. Nimezaliwa bondeni Mpimbwe, nimezeekea Mpanda, hakuna aliyewahi kunisimamisha juu ya kitu na kuniambia tazama. Nilikaa pale nikitazama. Nilikaa sana.

Umeme ukakatika.

Nilipiga yowe. Mama Shija kaja mbio na kanga mkononi akidhani kuna msiba. Editha katoka jikoni na mwiko.

"Ulilala, Bibi?"

"Sikulala."

"Si nilikwambia ulale ndiyo usevu!"

"Nilale wapi, kwenye theluji kama mbwa?"

Mdomo wake ukaanza kucheza. Mama Shija akauliza, "Sasa kafa nani?" na hapo Editha akashindwa, akakaa chini na mwiko wake, akacheka mpaka ugali ukaungua. Mimi sikucheka. Siku nzima ya kazi imepotea na watu wanacheka.

Nilicheka baadaye, nikiwa chooni.

Ijumaa, 15 Novemba

Umeme umerudi asubuhi. Mizigo ya Editha imefungwa, iko mlangoni. Nimewasha. Akaja akakaa karibu yangu kwenye kochi. Pedi hakuichukua. Alikuwa anasema tu. Subiri. Huo mguu. Pumzika. Haya. Mlima umepandwa, jiwe limechukuliwa, tukalala kwenye pango ambalo mimi sikuliona jana na yeye alilijua muda wote. Nimemkemea kwa hilo. Mhunzi katengeneza upanga. Unawaka kama ule ule.

Nikampa pedi. Nikasema, "Chukua. Ni wako."

Hayo tu. Aliniangalia kidogo. Anajua mdomo wangu.

Akamwendesha farasi mpaka ziwani. Nilidhani atapitiliza kwenda kwenye jitu. Kwenye mkwaju akasimama. Akafungua mfuko, akatoa nyama ya kuchoma, ya swala aliyemwinda mwenyewe. Si ya kwenye chungu cha mtu. Akaiweka chini. Na mkate juu yake.

"Mwenye ziwa, tunapita," kasema. Halafu kwangu, "Inatosha, mke mwenza, au unataka tutoe na farasi?"

Nimempiga kofi la bega.

Jitu limetupiga. Limetukanyaga kama dagaa. Tumebadilishana pedi mpaka jua likazama, upanga tunao, na bado limetupiga. Lina miguu mibaya lile. Editha kasema, "Nakuachia wewe. Nikirudi likizo nikute limekufa."

Nitaliua. Hilo halina mjadala.

Jumamosi, 16 Novemba

Alfajiri nilichukua maji mdomoni. Alisimama mlangoni, kafunga macho kama alivyokuwa mdogo nikimwogesha. Nikampulizia kifuani. Nikasema, "Nenda." Akafuta shingo kwa kanga. "Mke mwenza, umenilowesha hadi ndani." Ndivyo inavyotakiwa.

Stesheni watu wengi. Kapata kiti cha dirishani. Sikusubiri treni iondoke, goti linauma.

Nyumba iko kimya. Nimewapa kuku pumba. Nimeosha kikombe chake. Nimeanika godoro langu juani.

Nimewasha. Binti yuko pale tulipomwacha, kwenye kibanda cha wavuvi. Kabla ya jitu nimempitisha kwenye mkwaju. Nyama haipo. Mkate haupo. Najua ni mashine imekula, nimeambiwa, si mjinga.

Nimekaa nao kidogo, binti na farasi. Kule ndani kunanyesha. Nikasikia na bati la kwetu linaanza, tone moja moja, halafu yote.

Nimeenda kuanua godoro langu nje.