Gari Liko Juu ya Stendi

Baba Zeena, usiguse gari. Liko gerejini juu ya stendi ya jeki, na gurudumu moja la nyuma halijafungwa. Zeena atalirudisha akitoka shule; usimsaidie. Pilau iko kwenye friji, pasha.

Ule mngurumo uliokuwa ukiufunika kwa redio wiki tatu nzima ulitokana na habu, kitovu cha gurudumu, iliyokwisha. Mwanao ameibadilisha leo alfajiri. Si mimi.

Mimi nilianza tu. Niligonga dramu ya breki kwa nyundo nusu saa, nikilaani chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, inayotia chuma kutu, mpaka Zeena akashuka na kandambili zake: "Mama, umeshusha handibreki?" Sikuwa nimeshusha; ndiyo iliyokuwa imeibana dramu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Dramu ikatoka, kutu ikamwagika sakafuni kama bizari. Nje ukungu ulikuwa umemeza mtaa wote, hata taa za jirani hazikuonekana. Zeena akafunga habu mpya, akaizungusha kwa kidole kimoja. Ikazunguka, ikazunguka, bila sauti yoyote, nasi tukaitazama tu, mpaka treni yangu ya saa moja ikanipita. Sikumbuki lini nilimwona ametulia hivyo.

Zeena, jana ulisema nakukataza ufundi wa magari kwa kuogopa maneno ya watu wa msikitini. Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

~~Tutaongea jioni.~~

Fomu yako ya chuo cha ufundi iko chini ya bakuli la matunda. Nimeisaini. Ipeleke leo, kabla sijabadili nia.

Mama